Foleni Isiyofuata Zamu: Historia ya Upangaji wa Amri katika Programu Endeshi za Diski na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya upangaji wa amri zinazopelekwa na kompyuta kwenye diski, tangu diski ya kwanza ya kibiashara ya mwaka 1956 hadi vifaa vya sasa visivyo na sehemu inayozunguka. Hoja kuu ni kwamba historia hiyo ilitenganisha hatua kwa hatua mambo matatu ambayo neno foleni huyabeba kwa pamoja: zamu ya kufika, zamu ya kutekelezwa, na udumifu wa kilichotekelezwa. Uundaji wa istilahi za Kiswahili kwa kufasiri neno moja moja umeyaacha mambo hayo yakiwa yamefungamana. Mtaa wa Asiatique jijini Bujumbura, ambako Kiswahili ni lugha ya biashara na umeme hukatika mara kwa mara, unatumika kuonyesha kwa nini suala hili linawahusu pia wataalamu wa lugha na washauri wa sera. Makala yanamalizia kwa kupendekeza istilahi sita pamoja na utaratibu wa kuziingiza katika hati za ununuzi wa vifaa.

1.0 Utangulizi

Asiatique ni mtaa wa maghala na maduka ulio karibu na katikati ya Bujumbura, si mbali na bandari ya Ziwa Tanganyika. Jina lake ni kumbukumbu ya mipango miji ya kikoloni. Baada ya Wabelgiji kuitwaa Usumbura kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, mji ulipangwa kwa misingi ya rangi: Wazungu walikuwa na mtaa wao, wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi na Uarabuni walikuwa na wao, na Waafrika walitengewa mitaa mingine, ukiwemo Buyenzi unaojulikana hadi leo kama kitovu cha Waswahili wa Burundi. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika kwenye ufuko huo wa ziwa kabla ya mipango hiyo, kikiletwa na misafara iliyopitia Ujiji. Lugha hiyo ndiyo iliyounganisha duka la Mhindi, ghala la Mwarabu na mchukuzi kutoka Buyenzi, na haijaacha kazi hiyo.

Hesabu za ghala zilizokuwa zikiandikwa katika madaftari sasa huandikwa kwa kompyuta. Karani huingiza idadi ya magunia yaliyotoka, mfumo hupunguza akiba na kuongeza deni la mteja, kisha huonyesha ujumbe kwamba kumbukumbu imehifadhiwa. Umeme ukikatika sekunde moja baadaye, swali linalobaki ni la lugha kwa kiasi kilekile ambacho ni la ufundi: neno "imehifadhiwa" lilimaanisha nini? Lilimaanisha kwamba amri ya kuandika imepokelewa, kwamba imetekelezwa, au kwamba kilichoandikwa kitakutwa pale pale umeme utakaporudi?

Majibu matatu hayo yanatofautiana, na tofauti yake imetokana na historia ya zaidi ya nusu karne. Sehemu ya pili ya makala inaieleza historia hiyo hadi kuzaliwa kwa foleni ndani ya diski yenyewe. Sehemu ya tatu inaeleza jinsi udhibiti wa zamu ulivyokabidhiwa diski kisha ukarudishwa kwa mfumo wa kompyuta. Sehemu ya nne inarejea kwenye Kiswahili, na ya tano inatoa mapendekezo.

2.0 Kutoka Amri Moja hadi Foleni

2.1 Mkono mmoja, amri moja

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wa RAMAC pamoja na diski yake, IBM 350. Kifaa hicho kilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, na kiliweza kuhifadhi herufi milioni 5. Mkono wenye vichwa vya kusoma na kuandika ulipanda na kushuka kutoka sahani moja hadi nyingine, kisha ukaingia ndani kutafuta mahali palipotakiwa. Kwa wastani safari hiyo ilichukua kiasi cha sehemu sita za kumi za sekunde. Katika hali hiyo hapakuwa na haja ya foleni ndani ya kifaa. Kompyuta ilitoa amri moja, ikasubiri ikamilike, kisha ikatoa nyingine. Zamu ya kufika, zamu ya kutekelezwa na kudumu kwa maandishi vilikuwa jambo moja, kwa kuwa amri iliyokamilika ilikuwa imekwisha kuacha alama yake juu ya sumaku.

Hali ilibadilika pale kompyuta moja ilipoanza kuhudumia kazi nyingi kwa wakati mmoja. Familia ya System/360, iliyotangazwa mwaka 1964, ilikuwa na njia maalumu za kuingiza na kutoa data zilizoweza kufanya kazi huku kichakataji kikuu kikiendelea na shughuli nyingine. Amri za diski zikaanza kulimbikizana kwenye kumbukumbu ya kompyuta zikisubiri. Pakazuka swali jipya: kati ya zinazosubiri, itangulie ipi?

2.2 Hesabu ya lifti

Mwaka 1967 Peter Denning aliwasilisha uchambuzi uliolinganisha kanuni mbalimbali za kuzipanga amri hizo. Kanuni ya kwanza ni ya haki ya kawaida: aliyefika mwanzo ahudumiwe mwanzo. Ya pili huchagua amri iliyo karibu zaidi na mahali kichwa kilipo. Ya tatu hukipeleka kichwa upande mmoja hadi mwisho, kikihudumia kila amri kinayoikuta njiani, kisha hukirudisha, kama lifti ya ghorofa inavyopanda na kushuka.

Mfano mdogo unaonyesha ukubwa wa tofauti. Kichwa kikiwa kwenye njia namba 0, na amri zikifika kwa mfuatano wa njia namba 10, 900, 20 na 880, kufuata zamu ya kufika kunakilazimisha kichwa kuvuka njia 2,640. Zikipangwa upya kuwa 10, 20, 880 na 900, kichwa kinavuka njia 900 tu. Kazi ni ileile, safari imepungua hadi karibu theluthi moja.

Faida hiyo ina gharama yake. Kanuni ya kuchagua iliyo karibu zaidi inaweza kuiacha amri ya mbali ikisubiri kwa muda mrefu mno, iwapo zilizo karibu zinaendelea kumiminika. Kanuni ya lifti hupunguza dhuluma hiyo. Hata hivyo, kanuni zote mbili zimevunja kiungo cha kwanza: zamu ya kufika si tena zamu ya kutekelezwa. Kuanzia hapo, foleni ya diski ilikuwa foleni kwa jina, ilhali mhudumu wake alikuwa na ruhusa ya kumwita yeyote aliyemo.

2.3 Diski yaficha ramani yake

Kanuni hizo zilimtaka mpangaji ajue kichwa kilipo na kila data ilipo. Katika miaka ya 1980 ujuzi huo ulianza kumponyoka. Kiwango cha SCSI, kilichopitishwa nchini Marekani mwaka 1986, kiliiwezesha kompyuta kuitaja data kwa namba ya bloku tu. Mahali hasa pa bloku hiyo juu ya sahani pakabaki siri ya diski. Zaidi ya hayo, diski zilianza kuweka data nyingi zaidi kwenye njia za nje kuliko za ndani, na kuzihamisha bloku mbovu bila kuitaarifu kompyuta. Programu endeshi iliyopanga amri kwa namba za bloku ilikuwa ikitumia ramani ya kukisia.

Palikuwa pia na suala la mzunguko. Sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa takriban milisekunde 8.3. Kichwa kikifika kwenye njia sahihi bloku ikiwa imekwisha kupita, hapana budi kusubiri mzunguko karibu wote. Anayejua kwa wakati huo sahani imefika wapi ni diski yenyewe. Kwa hiyo mantiki ilielekea upande mmoja: diski ipewe amri nyingi kwa pamoja, ijipangie.

Kadi za wakati huo ziliandaa njia. Katika kadi za Adaptec za mfululizo wa AHA-1540, programu endeshi na kadi ziliwasiliana kwa kile wahandisi walichokiita masanduku ya barua: programu endeshi iliweka anwani ya amri katika sanduku la kutuma, kadi ikaichukua, na ilipomaliza ikaweka jibu katika sanduku la kupokea. Hakuna kilichomzuia mtumaji kuweka barua ya pili kabla jibu la kwanza halijarudi. Kilichokuwa hakijapatikana ni namna ya kuitambua kila amri ndani ya diski.

2.4 Lebo tatu

Utambulisho huo uliletwa na toleo la pili la kiwango cha SCSI, lililochapishwa rasmi mwaka 1994. Chini ya toleo la kwanza, kompyuta iliweza kuwa na amri moja tu inayosubiri kwa kila diski. Toleo la pili liliipa kila amri lebo yenye namba, na kwa kuwa namba hiyo ilikuwa ya biti nane, lebo 256 ziliwezekana. Muhimu zaidi, lebo zilikuwa za aina tatu. Amri yenye lebo sahili iliweza kutekelezwa kwa zamu yoyote ambayo diski ingeiona inafaa. Amri yenye lebo ya mpangilio ililazimika kusubiri zote zilizoitangulia zimalizike, na zilizofuata zilisubiri hadi yenyewe imalizike. Amri yenye lebo ya kichwa cha foleni iliruka mbele ya zote.

Kiwango kilimpa pia msimamizi wa mfumo nafasi ya kuamua, kupitia ukurasa wa udhibiti uliomo ndani ya diski, kama kuchanganywa kwa amri za lebo sahili kuwe na mipaka au kusiwe nayo. Kwenye mpangilio wenye mipaka, diski ilitakiwa kuhakikisha kwamba matokeo ya mwisho yanayoonekana kwa kompyuta hayatofautiani na yale ambayo yangepatikana kama amri zingefuata zamu. Na pale nafasi ilipokwisha, diski ilijibu kwamba foleni imejaa, na programu endeshi ikapaswa kuipeleka amri hiyo tena baadaye.

3.0 Ahadi na Mipaka Yake

3.1 Kwa nini zamu ina thamani

Kama amri zote zingekuwa za kusoma, kuchanganywa kwake kusingemdhuru yeyote. Tatizo liko katika kuandika. Mfumo wa faili unapohifadhi badiliko huandika vitu kadhaa vinavyotegemeana. Mfano rahisi ni wa daftari la ghala: kwanza yanaandikwa maelezo ya magunia yaliyotoka, kisha inawekwa alama kwamba maelezo yamekamilika. Diski ikiona kwamba mahali pa alama pako karibu zaidi na kichwa, inaweza kuiandika alama kwanza. Umeme ukikatika kabla maelezo hayajaandikwa, mfumo utakapowashwa utaikuta alama ya ukamilifu ikiwa juu ya maelezo ya zamani. Kosa la namna hiyo ni baya kuliko kupoteza maelezo yote, kwa sababu daftari linaonekana zima.

Mifumo ya awali ya Unix ililikabili tatizo hili kwa kusubiri: iliandika maelezo nyeti, ikangoja jibu, ndipo ikaandika yaliyofuata. Usalama ulipatikana kwa kuipoteza kasi. Mwaka 1994 Gregory Ganger na Yale Patt wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba mfumo wa faili ungeweza kufuatilia wenyewe ni maandishi yapi yanategemea yapi, na kuyapeleka diskini kwa mfuatano salama bila kungoja kila mara. Njia nyingine, iliyoenea zaidi baadaye, ni ya mifumo ya faili yenye daftari la awali, kama ext3 iliyoingia katika Linux mwaka 2001: kila badiliko huandikwa kwanza daftarini, kisha likapelekwa mahali pake. Njia zote mbili zilihitaji kitu kimoja kutoka ngazi za chini, yaani hakika kuhusu nini kimetangulia nini.

3.2 Lebo ya mpangilio yashindwa kazi

Lebo ya mpangilio ilionekana kuwa jibu kamili. Katika matoleo ya Linux ya 2.6, kuanzia mwaka 2003, uliwekwa utaratibu wa vizuizi: mfumo wa faili uliweka kizuizi katikati ya amri, na ngazi za chini zikapaswa kuhakikisha kwamba hakuna kinachovuka. Kwa nadharia, kizuizi kingegeuzwa kuwa lebo ya mpangilio na diski ingefanya kazi yote. Kwa vitendo, hilo halikutegemewa, na sababu zake zina somo.

Ya kwanza ni jibu la foleni imejaa. Programu endeshi inaweza kupeleka amri ya tano na ya sita zikifuatana. Diski ikaikataa ya tano kwa kukosa nafasi, nafasi ikapatikana papo hapo, na ya sita ikapokelewa. Itakapopelekwa tena, ya tano itakuwa nyuma ya ya sita, na zamu imevunjika bila yeyote kukiuka kanuni. Ya pili ni hitilafu. Amri ikishindwa kutekelezwa huku zilizoifuata zikiendelea, mpangilio ulioahidiwa unakuwa umevunjwa na kosa ambalo lebo haikuliwazia. Ya tatu ni diski za bei nafuu, zilizotumika katika kompyuta nyingi, ambazo hazikuwa na lebo hiyo kabisa.

Diski hizo za ATA zilipata amri za foleni katika kiwango cha mwaka 1998, lakini utaratibu wake ulikuwa mgumu na ulitumika kwa nadra. Foleni iliyofanikiwa ni ile ya diski za SATA iliyoletwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, yenye nafasi 32. Humo kila lebo ni sahili. Hakuna ya mpangilio. Diski iko huru kuzitekeleza amri kwa zamu yoyote. Ikitokea hitilafu katika mojawapo, zote zinazosubiri husitishwa, na programu endeshi husoma kumbukumbu ya makosa ili kujua iliyosababisha, kisha huzipeleka upya. Aidha, amri ya kawaida ya kumimina yaliyomo katika kumbukumbu ya muda ya diski haichanganywi na amri za foleni: programu endeshi huacha kupeleka amri, husubiri foleni iishe, ndipo huitoa.

3.3 Kukamilika si kudumu

Kumbukumbu hiyo ya muda ndiyo iliyokata kiungo cha mwisho. Ili kuongeza kasi, diski huzipokea data katika chipu zake na kujibu kwamba amri imekamilika, kabla sahani haijaguswa. Jibu hilo ni la kweli kwa maana ya kiwango, lakini umeme ukikatika data hizo hupotea. Hivyo hata amri zilizotekelezwa kwa zamu kamili zinaweza zisidumu kwa zamu hiyo.

Mapema mwaka 2011 toleo la 2.6.37 la Linux liliondoa vizuizi. Mahali pake zilibaki amri mbili: ya kumimina kumbukumbu ya muda yote, na ya kuandika moja kwa moja mahali pa kudumu. Jukumu la zamu likarudi kwa mfumo wa faili, ambao sasa hungoja jibu, humimina, hungoja tena, ndipo huendelea. Katika mwezi Machi mwaka huohuo kilichapishwa kiwango cha NVMe kwa ajili ya vifaa visivyozunguka. Kiwango hicho kinaruhusu foleni 65,535 za amri, kila moja ikiwa na nafasi hadi 65,536, na hakitoi ahadi yoyote ya zamu kati ya amri za kawaida. Kifaa kisicho na kichwa kinachosafiri hakihitaji tena kanuni ya lifti. Kinachohitaji ni kazi nyingi kwa pamoja. Mwaka 2014 Linux ilipata, katika toleo la 3.13, ngazi mpya ya bloku inayoipa kila sehemu ya kichakataji foleni yake.

Kwa muhtasari, mamlaka juu ya zamu yalitoka kwenye kompyuta, yakapelekwa diskini kwa sababu diski ndiyo iliyojua ramani, kisha sehemu yake ikarudishwa kwa sababu kompyuta ndiyo inayojua maana. Diski inajua kilicho karibu. Haijui kwamba bloku moja ni deni na nyingine ni sahihi ya kulithibitisha.

4.0 Kiswahili na Foleni

4.1 Istilahi zilizoishia kwenye kioo

Historia ya Kiswahili katika kompyuta imepita njia nyingine. Tanzania, ambayo ndiyo iliyojenga taasisi za mwanzo za kusanifisha lugha baada ya uhuru, ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Baraza la Kiswahili la Taifa lilikuwapo tangu mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa ikitunga kamusi. Kilichokosekana ni mashine za kutosha ambazo zingewalazimisha watu kuzitafutia maneno. Vifaa vilipoenea, maneno yaliyohitajika kwa haraka yalikuwa ya mtumiaji: faili, dirisha, kipanya, hifadhi, futa. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ulikuwa hatua kubwa, kwa kuwa kwa mara ya kwanza programu kamili ya ofisi ilizungumza Kiswahili. Hata hivyo, kwa asili yake ulishughulikia kinachoonekana kwenye kioo. Kilicho nyuma ya kioo, yaani vidhibiti, programu endeshi na foleni zake, kilibaki katika lugha nyingine.

Matokeo yake yanaonekana katika kitenzi kimoja. Kutokana na -endesha yameundwa kiendeshi kwa maana ya kifaa cha diski, kiendeshaji au kiendeshi kwa maana ya programu inayokiongoza, na mfumo endeshi kwa maana ya programu kuu ya kompyuta. Mafundi wengi hukimbilia "draiva" ili kuepuka mkanganyiko. Katika lugha ya barabarani hakuna anayemwita dereva gari. Katika lugha ya kompyuta, Kiswahili kimeyakaribia makosa hayo.

4.2 Maneno manne ya kusubiri

Neno foleni lenyewe lina historia inayofaa kuzingatiwa. Asili yake hunasibishwa na amri ya kijeshi ya Kiingereza inayowataka askari wajipange mstarini. Kwa maana hiyo ya awali, anayeamua nani asimame wapi ni mtoa amri, wala si wakati wa kufika. Matumizi ya kila siku dukani, hospitalini na benki yameligeuza neno hili kuwa la haki: aliyetangulia ahudumiwe, na anayeruka foleni amekosa adabu. Kiswahili kina pia mstari na safu, ambayo husisitiza umbo. Kina mlolongo, ambao nchini Kenya umebeba kumbukumbu ya uchaguzi wa mwaka 1988, wapigakura walipopanga mistari nyuma ya wagombea. Hapo kilichohesabiwa ni urefu wa mstari, na nafasi ya mtu ndani yake haikuwa na uzito.

Kwa hiyo wazo la kundi linalosubiri bila kufuata zamu ya kufika si geni kwa wasemaji wa Kiswahili. Kinachohitajika ni kulitaja waziwazi. Foleni inaweza kubaki jina la mahali amri zinaposubiri, na zamu ikawa jina la mfuatano. Mwandishi wa mwongozo akiandika kwamba "foleni hii haifuati zamu", msomaji wa Asiatique ataelewa hatari iliyopo kabla hajaelezwa lolote kuhusu sumaku.

Hatari ya tafsiri ya neno kwa neno inajitokeza zaidi katika amri ya kumimina. Neno la Kiingereza linalotumika hapo ni lile la kusukuma maji yatoke yote, na mfasiri asiyejua historia yake anaweza kuliita kusafisha au kufuta. Karani anayesoma kwamba mfumo "umesafisha kumbukumbu" atadhani data zimeondolewa, ilhali maana ni kinyume: zimeteremshwa mahali pa kudumu.

5.0 Mapendekezo

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na soko la Bujumbura linaunganishwa na Kigoma na Dar es Salaam kwa ziwa, reli na barabara. Vifaa vya kompyuta hufika na maelezo ya Kiingereza au Kifaransa, huuzwa kwa mazungumzo ya Kiswahili na Kirundi, na hutunza hesabu ambazo familia nyingi zinazitegemea. Moto ulioteketeza soko kuu la Bujumbura mwezi Januari 2013 uliwakumbusha wafanyabiashara jinsi mali na kumbukumbu zinavyoweza kutoweka kwa siku moja. Kukatika kwa umeme ni tukio dogo zaidi, lakini hujirudia, na madhara yake hayaonekani kwa macho.

Istilahi zifuatazo zinapendekezwa kwa mabaraza ya lugha na kwa watayarishaji wa miongozo:

Diski: kifaa chenyewe, bila kuongezewa kiendeshi.
Programu endeshi ya diski: programu inayoupa mfumo wa kompyuta uwezo wa kuwasiliana na kidhibiti.
Foleni ya amri: mahali amri zinaposubiri, bila ahadi ya mfuatano.
Zamu ya utekelezaji: mfuatano ambao amri hutekelezwa, tofauti na zamu ya kufika.
Kizuizi: sharti kwamba amri za upande mmoja zimalizike kabla ya za upande wa pili kuanza.
Kumimina: kuteremsha data zote kutoka kumbukumbu ya muda hadi mahali pa kudumu.

Pamoja na istilahi hizo, vitenzi vitatu vitofautishwe katika kila ujumbe unaomfikia mtumiaji: imepokelewa, imekamilika, imedumishwa. Neno "imehifadhiwa" litengewe hali ya tatu peke yake.

Kwa upande wa sera, hati za zabuni za taasisi za umma zinazonunua mifumo ya hesabu zinaweza kuuliza maswali matatu kwa Kiswahili cha wazi. Je, diski ina kumbukumbu ya muda inayopoteza data umeme unapokatika? Je, mfumo wa faili umewekwa kumimina kumbukumbu hiyo kabla ya kutoa jibu la mwisho? Je, kidhibiti kina betri au njia nyingine ya kuzilinda data zilizo njiani? Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo hajui anachokiuza, na mnunuzi asiye na maneno ya kuyauliza hawezi kulijua hilo.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba foleni ya diski ilianza mahali ambapo kufika, kutekelezwa na kudumu vilikuwa kitu kimoja, na kwamba kila hatua ya kuongeza kasi ilivunja kiungo kimoja kati ya hivyo. Wahandisi walijaribu kuirejesha zamu kwa lebo na kwa vizuizi, kisha wakakubali kwamba anayejua maana ya data ndiye anayepaswa kuulinda mfuatano wake. Istilahi za Kiswahili zinahitaji kufuata utengano huohuo. Baina ya diski na karani wa Asiatique kuna ngazi nyingi zinazopokezana ujumbe. Ngazi ya mwisho ni sentensi moja ya Kiswahili kwenye kioo, na hiyo ndiyo anayoiamini karani anapofunga ghala jioni.